Karani Nyuma ya Shahidi

Kasha ni la bati, lina mhuri wa mizani,
na ubavuni namba yake: 731 kati ya 2000.
Nimelilipia dola sitini na mbili,
pesa za viatu vya theluji nilivyoapa kununua,
kwa mzee Delbert Kukla mwenye duka Mtaa wa Lagrange,
aliyeipangusa nailoni kwa kiwiko akaniambia,
"Hii wameisafisha picha kwa picha. Utahesabu vinyweleo."

Sikutaka vinyweleo.
Nilimtaka mama.

Mwaka themanini na saba walikuja na taa zao,
wakaikodi mahakama yetu ya Toledo wiki tatu,
wakaleta jaji wa kuigiza, muuaji mwenye meno mazuri mno,
ila karani wa hatimkato hakupatikana wa kuigiza:
anayebonyeza ovyo, alisema mwongozaji, huonekana.
Basi wakamwazima wa kweli, Florentyna Wasielak,
na blauzi yake, na mashine yake, na mgongo wake ulionyooka.

Kwenye kanda ya zamani alikuwa ukungu,
doa la kijivu begani kwa shahidi,
ungedhani ni kiti kilichovaa miwani.
Tulimrudisha nyuma, tukampeleka mbele,
hadi siku mashine ilipoitafuna kanda
na baba akaichomoa, utumbo kwa utumbo, kwa uma wa mezani.

Leo theluji imeziba dirisha. Mama ana themanini na tisa,
blanketi magotini, chai imeshapoa.
Kijitabu ndani ya kasha kina kurasa arobaini,
kimemtaja hata aliyewapikia waigizaji supu;
yeye hayumo.
Natia diski. Inanguruma kidogo, inatulia.
Na huyo hapo, Mungu wangu,
kifungo cha pili cha blauzi kimelegea uzi.

Shahidi anaapa. Wakili anamzunguka kama nzi na sukari.
Napinga, Mheshimiwa! Nyundo. Kikohozi ukumbini.
Nimeshika pumzi, mtu mzima mimi,
na mwisho naujua tangu nina miaka kumi na miwili:
mjane ndiye.

Saa moja na dakika kumi na mbili nabonyeza rimoti.
Kila kitu kinasimama.
Karatasi inapanda kutoka kwenye mashine, mkunjo juu ya mkunjo,
na wino wake, baada ya miaka yote hii, unasomeka.
Hatimkato alinifundisha yeye mwenyewe,
mezani jikoni, kati ya chumvi na bili ya gesi.
Napiga magoti mbele ya televisheni.

Shahidi amesema: Sikuwapo usiku ule.
Karatasi inasema:
Siagi. Mayai. Dawa ya kifua ya Stan.
Kijana huyu anadanganya vizuri, analipwa.
Kwetu wanadanganya bure na jaji anaamini.
Jumanne ile mtoto wa Tibbets alisema kweli,
nikaiandika kweli yake yote, neno kwa neno,
wakampa miaka kumi na minne.
Viazi.

"Mama," nasema, "Tibbets ni nani?"

Anaitazama ile shingo yake changa isiyogeuka.
Karani hasemi mahakamani;
kunyamaza ndiko kulikotulipia karo, na paa, na mazishi ya baba.
Jokofu linaguna. Nje gari la kukwangua theluji
linapita na taa yake ya njano, inatambaa ukutani,
inavuka uso wa shahidi, inaondoka.

"Walinilipa dola arobaini," anasema,
"na mkate wenye nyama baridi."
Kisha, kwa sauti ya majaji wote aliowahi kuwaandikia:
"Soma tena."

Nasoma tena, kuanzia siagi.
Juu ya blanketi vidole vyake, vilivyopinda kama tangawizi,
vinaanza kubonyeza.
Nilipofika viazi nikanyamaza.
Vyenyewe havikunyamaza.